Dhoruba Haina Mchawi



Chombo kinapozama, maneno mawili husikika hata kabla miili haijaopolewa. La kwanza ni kwamba kuna mkono wa mtu, au jini wa bahari amedai damu. La pili ni kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Maneno haya huwafariji wafiwa kidogo, lakini huwafaa zaidi wale wanaopaswa kujibu maswali, kwa maana jini haitwi mahakamani.

Tukumbuke tarehe 18 Julai 2012. Meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Walikuwamo watu wapatao 290. Nusu yao hivi hawakuokolewa.

Je, upepo ule ulitumwa na nani? Wavuvi wetu wanajua kwamba Julai ni majira ya kusi, na kusi huchafua bahari kila mwaka. Chombo kile kiliundwa Marekani mwaka 1989, kikavusha abiria katika maji ya Puget Sound, yaliyokingwa na nchi kavu. Idadi yake ilikuwa abiria 250. Chombo cha namna hiyo kikipelekwa bahari ya wazi, na uzito ukiwa juu, wimbi la ubavuni laweza kukilaza. Miezi kumi kabla yake ilizama MV Spice Islander, ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi ilihesabu watu 2,470, zaidi ya mara tatu ya kiwango chake.

Bwana wetu, akizungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wengine. Nasi tusiwatwishe marehemu laana, wala tusimshuku bibi kizee wa jirani. Kumsingizia Mungu uzembe wa wanadamu si imani.

Twajua kwamba anayewahi kumwona mgonjwa hana uhuru wa kungoja meli nyingine. Ndiyo maana mzigo huu hauwezi kuachwa mabegani mwa abiria peke yao. Hatuna budi kuuliza kwa pamoja: nani alikikagua chombo, nani alihesabu abiria, nani aliruhusu safari katika upepo ule? Na ripoti ya uchunguzi isomwe hadharani.

Tuwaombee marehemu wa dini zote pumziko la amani. Nao walio hai tuwatendee haki.