Dakika Mbili za Mwanzo: Fanani, Kamera na Lugha ya Kupangia Filamu

1.0 Utangulizi

Fanani wa Kiswahili haanzi kusimulia mpaka apewe ruhusa. Husema "Paukwa!" kisha akangoja, hadhira isipojibu "Pakawa!", hadithi haina pa kuanzia. Kwingineko huita "Hadithi! Hadithi!" naye akaitikiwa "Hadithi njoo!" Mwito huo na kiitikio chake si pambo tu. Ni mapatano: msimulizi anaahidi kutoa, na wasikilizaji wanakubali kupokea.

Mhadhara huu unachunguza yanayotokea mapatano hayo yanapohamia kwenye filamu, hususan pale kikundi cha wanafunzi kinapotakiwa kupanga mwanzo wa filamu ya Kiswahili. Zoezi la namna hii si geni. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2008, wanafunzi wa sekondari waliosoma taaluma ya vyombo vya habari chini ya mmoja wa mitaala ya huko walipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya kubuni usiozidi dakika mbili, pamoja na maandishi yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba lugha ya kupangia mwanzo huo ni sehemu ya kazi yenyewe. Kikundi kinachopanga kwa Kiingereza, kisha kikatia Kiswahili katika mazungumzo ya wahusika peke yake, hupoteza mengi kabla kamera haijawashwa.

2.0 Mwanzo na Kazi Zake

Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo marefu ya kuanza. Utenzi hutanguliwa na dibaji: jina la Mungu hutajwa, na mara nyingi wino na karatasi huagizwa. Katika utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama humwita bintiye asogee na vifaa vya kuandikia. Kwa mwito huo msomaji amekwisha kujua nani anasema, nani anaambiwa, na kwamba maneno yanayofuata ni ya kuhifadhiwa. Mwanzo, basi, hufanya kazi tatu: hutambulisha sauti, huweka uhusiano, na hutangaza uzito wa jambo.

Filamu hudaiwa kazi zizo hizo, lakini ina upungufu mmoja: mtazamaji hawezi kuitikia. Kwa kuwa "Pakawa!" haisikiki, mwanzo wa filamu hauna budi kuzua swali ambalo mtazamaji atalijibu kwa kuendelea kutazama. Mfano mashuhuri ni filamu ya Orson Welles iitwayo Touch of Evil, iliyotoka Marekani mwaka 1958. Bomu linafichwa ndani ya gari, kisha kamera inalifuata gari hilo mpakani mwa Meksiko kwa muda unaozidi dakika tatu bila picha kukatwa. Swali ni moja tu: litalipuka lini?

Historia ya mwanzo huo ina funzo jingine. Filamu ilipotolewa, majina ya washiriki yalipachikwa juu ya picha hiyo na muziki ukaifunika. Mwaka 1998 ilihaririwa upya kwa kufuata waraka mrefu ulioachwa na Welles. Majina yaliondolewa, na zikasikika sauti za mitaani zinazobadilika kadiri gari linavyopita. Picha ni ile ile; kilichobadilika ni kinachosikika na kinachosomwa juu yake. Kikundi cha wanafunzi kinachoacha suala la sauti na majina hadi siku ya uhariri kimeacha nusu ya mwanzo bila mpango.

3.0 Mfano: Vuta N'kuvute

Ichukuliwe kwamba kikundi cha wanafunzi watano kimepewa riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, lakini kikundi kinatakiwa kubuni mwanzo wake chenyewe. Mandhari ni Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Yasmini, msichana mwenye asili ya Kihindi, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi umri kupita kiasi. Baadaye anaikimbia ndoa hiyo na kuingia katika maisha ya Waswahili na harakati za kupinga ukoloni.

Dakika mbili ni sekunde 120. Kila picha ikichukua wastani wa sekunde sita, kikundi kina picha ishirini tu. Msimulizi wa riwaya anaweza kutaja umri na ndoa kwa sentensi moja. Kamera haina sentensi hiyo. Hapa ndipo lugha inapoingia. Mpango ukiandikwa kwa Kiingereza, Raza ataitwa kwa neno lenye maana ya mume basi. Kwa Kiswahili, kikundi kitalazimika kuchagua kati ya "mume" na "bwana", na "bwana" ni mume na ni mwenye mamlaka kwa pamoja. Neno hilo likitamkwa na mtoto wa kike mbele ya mtu mwenye mvi, ndoa, umri na utii vimekwisha elezwa katika picha moja.

Hali kadhalika, ni lugha gani inasikika ndani ya nyumba hiyo? Kikundi kinaweza kuamua kwamba ndani kinasemwa Kigujarati, na Kiswahili kinaingia kupitia dirishani: mwito wa mchuuzi, kicheko cha wanawake, taarabu kwa mbali. Kamera ikikaa kwenye uso wa Yasmini akisikiliza, swali la filamu limeulizwa bila mtu kulitamka: je, atatoka? Uamuzi huo si wa mpiga picha peke yake wala wa msimamizi wa sauti peke yake. Ni wa kikundi kizima, na huzaliwa katika mjadala.

4.0 Lugha ya Mpango

Hudaiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa kazi hii. Dai hilo halina nguvu kubwa. "Picha ya karibu", "picha ya mbali", "mwongozaji", "mhariri" na "michoro ya mfuatano" hueleweka bila kamusi. Na pale neno lisipokuwapo, maelezo mafupi hutosha. Tatizo zito zaidi ni la kijamii. Chuo kikuu kinapofundisha kwa Kiingereza, mjadala wa wanafunzi huendeshwa kwa Kiswahili ilhali kinachoandikwa ni Kiingereza. Aliye hodari wa kuandika Kiingereza hugeuka kuwa mwamuzi, hata kama si yeye aliyeona vizuri zaidi. Aidha, mpango huo haumfikii bibi mwigizaji, fundi wa taa, wala mwenye nyumba itakayopigwa picha. Hao ndio wangeweza kusema kwamba salamu fulani haitolewi hivyo.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mpango uandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, na tafsiri kwa ajili ya mtahini, ikihitajika, ije mwisho. Pili, safu ya sauti iandikwe sambamba na safu ya picha. Tatu, kabla ya kupiga picha, mpango usomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wanakikundi, na wasomaji wanyamaze baada ya picha ya ishirini. Wasikilizaji wakiuliza "Halafu?", basi "Pakawa!" imeitikiwa, na kikundi kina ruhusa ya kuanza.