Nani aandikwe shefu wa nyumba?

(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Nzilo)



Tuko tunatayarisha karatasi mpya za mkopo, na kuko mstari mmoja unaoleta makelele: "shefu wa nyumba". Wengine wanasema ni mambo ya karatasi tu. Sisi tunaona ni mambo ya makuta, kwa maana jina litakaloandikwa pale ndilo litakaloitwa siku ya kupokea. Kwa hiyo tukatafuta watu wa masomo wameandika nini juu ya kazi ya mwanaume na kazi ya mwanamke hapa kwetu. Wameandika mingi.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Université ya Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père, ni kusema watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Wakubwa kati yetu wanaijua hadithi hii hata bila kitabu. Mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka mfanyakazi aliyeoa, akae kambini na bibi na watoto. Posho ilihesabiwa kufuatana na familia. Mama alipelekwa foyer social ajifunze kushona na kupanga nyumba. Hivyo ndivyo "baba analeta, mama anangojea" ilivyopata nguvu, na leo watu wanaiita desturi ya wakubwa. Wakubwa gani? Nkambo zetu kijijini walilima na kuvuna. Hakuna aliyekaa mlangoni kungoja posho.

Kisha baba huyo akaanguka. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, iliona mgodi wa Kamoto ukibomoka mwaka 1990, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakatolewa kwa ile tuliyoita "depa volonteri", kwa makuta ya Banki ya Dunia. Wengi wetu tulikuwa bado Kasai, Zambia ao Angola. Tuliporudi tulikuta wamama ndio wanaopikisha bukari nyumbani: shamba, makala, samaki wa ziwa la Nzilo, mezani mbele ya nyumba, kusafisha mawe mtoni.

Sasa, hapa ndipo tulishangaa. Benjamin Rubbers, wa Université ya Liège, alichunguza ndoa katika kambi moja ya Gécamines, akaandika mwaka 2015 kwamba wamama wenyewe wanasaidia kusimamisha familia ambamo mwanaume ni shefu, hata pale ambapo posho ya bwana imekwisha zamani. Tuliposoma, tulicheka kidogo, juu tunawajua. Mama ananunua unga kwa makuta yake, jirani akiuliza anajibu: "Baba ameleta." Si ujinga. Jina la bwana linamkinga mbele ya wakwe, mbele ya kanisa, mbele ya mwenye nyumba. Akilivunja, nani atamkinga kesho? Ndiyo maana wamama fulani wamekuja kutuomba tuache jina la bwana kwenye karatasi, na hatuwezi kuwaambia kwamba hawajui wanachotaka.

Wachimbaji nao wako na mambo yao. Mahali pengi mwanamke hapana kushuka shimoni: wanasema mawe yatakimbia. Anabaki kwenye maji, anasafisha, anachagua, anabeba, anauza chakula, na kazi ya maji inalipwa kidogo. Jeroen Cuvelier, katika masomo yake ya 2011 juu ya wachimbaji wa Lwambo, anaeleza kwamba shimo ni mahali pa kutafuta uanaume pia, kwa vijana waliokosa kazi ya kampuni. Tunaelewa. Lakini mawe yanayokimbia mwanamke shimoni, mbona yanatulia vizuri mikononi mwake mtoni?

Upande wa sheria, Code ya familia ya 1987 ilimlazimisha mke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana kwa mambo ya sheria. Sheria ya 15/07/2016 iliondoa ruhusa hiyo. Neno shefu wa nyumba halikutoka; bwana angali ndiye.

Pendekezo letu ni hili: mstari ule ufutwe. Mahali pake paandikwe "mwenye kazi", yaani yule anayeuza samaki ao anayelima, na yeye apokee mwenyewe. Jina la bwana ao bibi liandikwe chini kama shahidi, kwa anayependa. Baba mmoja ametuuliza: "Na mimi nitakuwa nani nyumbani?" Ni swali la haki, lijadiliwe wazi, si pembeni.

Wafadhili, kila mwaka mnatuuliza wanawake ni wangapi. Hesabu tutawapa. Lakini jina la mama linaweza kuwa kwenye karatasi na makuta yakashikwa na mwingine jioni ile ile. Mkija kutuona, kaeni na wamama kwenye soko la samaki mapema, kabla hawajamaliza kuuza, muwaulize wao.

Kura itapigwa mkutano ujao. Asiyesoma atasomewa, na mama anayetaka jina la bwana libaki aje aseme mwenyewe.