Kila Mtoto Ana Nafasi Yake Kwenye Mkeka
(Hotuba kwa walimu na viongozi wa shule za chekechea, Shasha, Masisi)

 

Vita vya Machi 1993 vilianzia sokoni Ntoto, Walikale, vikafika hapa Masisi. Februari 2024 mapigano yalifika Shasha na Sake, watu wakakimbia tena. Mwaka 2025, kambi za pembeni ya Goma zilipofungwa, familia nyingi zilirudi. Ndiyo maana watoto wanaosema Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo na Kihavu wanakutana katika chumba kimoja. Mtoto wa miaka 3 hajui habari za mashamba wala vyeo, lakini anajua ni nani anayeogopwa nyumbani kwao.

Kwanza, lugha. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Kiswahili ni daraja letu. Lakini mtoto aliyenyamaza si mjinga, anangojea neno analolijua. Mwalimu ajifunze kusema "njoo", "maji", "unaumwa wapi" kwa kila lugha iliyomo darasani. Bibi wa kila upande waalikwe kusimulia hadithi.

Pili, ugomvi. Wakigombania mpira, tuulize nani amefanya nini, tusiulize ni mtoto wa nani. Kila mmoja aitwe kwa jina lake. "Yule mkimbizi" si jina.

Tatu, uongozi. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule za msingi. Chekechea inategemea mfuko wa mzazi. Basi nani asamehewe karo, nani apewe muda, kanuni iwe moja. Iamuliwe na komite yenye watu wa kila upande, isomwe mbele ya wote. Walimu wote wakitoka kabila moja, wazazi wengine watasema shule ni ya wale. Tena mkurugenzi aketi darasani kila juma, amsaidie mwalimu.

Ndugu zangu, samaki mkunje angali mbichi. Chuki nayo hufundishwa mapema. Nyimbo za watoto hazizuii bunduki, nisiwadanganye. Lakini siku watu watakapochochewa tena, awepo mmoja wa kusema: yule ninamfahamu, tulikunywa uji pamoja.

Kabla ya kuachana, kila shule iandike jambo moja itakalobadilisha kuanzia Jumatatu.