Mtoto wa Sekondari na Imani: Tusimnyamazishe

(Mazungumzo na wazazi Wakristo waliohitimu madarasa ya kusoma na kuandika)

Ndugu wazazi,

Wazee wa kanisa wametualika tuzungumze nanyi habari za watoto walioingia kidato cha kwanza na cha pili. Tuseme wazi toka mwanzo: sisi ni maofisa wa elimu ya watu wazima. Kwa Katiba ya Tanzania, dini ni hiari ya mtu, na kuendesha mambo ya dini si kazi ya serikali. Kwa hiyo hatukuja kuhubiri. Tumekuja kama walimu, na pia kama wazazi wenzenu.

Mara nyingi tunasikia malalamiko haya: "Mwanangu alipokuwa shule ya msingi aliimba kwaya ya watoto. Sasa yuko sekondari, kanisa hataki." Kwa nini?

Tufikiri pamoja. Mtoto huyu ana miaka 13 au 14 hivi. Mwili unabadilika, sauti inabadilika. Anafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hajaizoea. Anakaa darasani na wenzake wa vijiji vingine na wa dini nyingine. Wengine wamepanga chumba karibu na shule, hawamwoni mzazi mpaka Ijumaa. Na shuleni anaambiwa: uliza, usikariri tu. Basi akija nyumbani anauliza pia habari za Mungu. Hapo ndipo tunapokosea sisi wazazi.

Tuchukue mfano wa baba mmoja wa darasa letu la jioni. Mwanawe alifundishwa habari za fuvu la kale lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Wataalamu wanasema lina miaka zaidi ya milioni 1 na laki 7. Kijana akauliza: "Baba, mbona kitabu cha Mwanzo hakisemi hivyo?" Baba akapandisha hasira: "Nyamaza! Unakufuru!" Kijana akanyamaza. Jumapili akawa anaaga kwamba anakwenda kanisani, kumbe anaishia uwanja wa mpira.

Baba yule alikuja kwetu amenyong'onyea. Akasema, "Walimu, sikumkasirikia mtoto. Niliona aibu. Sikuwa na jibu."

Ndugu zetu, kutokuwa na jibu si aibu. Tulimshauri amwambie kijana, "Hata mimi sijui. Twende tukaulize." Wakaenda wote wawili kwa mchungaji. Mchungaji akawaeleza kwamba wako Wakristo wanaosoma sura zile kama zilivyoandikwa, na wako wanaosema zinatufundisha nani aliumba, si miaka mingapi. Akasema swali lile si dhambi. Je, kijana alirudi kanisani siku ile ile? Hapana. Anakwenda leo, kesho haendi. Lakini sasa maswali yake anayaleta nyumbani. Mtoto anayekuuliza bado yuko nawe. Mwogope yule aliyenyamaza.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusome pamoja. Ninyi sasa mnajua kusoma. Chukua Biblia jioni, soma mistari mitano tu kwa sauti. Ukikwama kwenye neno, mwambie mtoto akusaidie. Usione haya. Mtoto akimsaidia mzazi wake kusoma, naye anasikia kile kinachosomwa.

Pili, twende shuleni. Tuulize kama kuna kipindi cha dini, na nani anakifundisha. Tuulize habari za umoja wa wanafunzi, kama UKWATA kwa Waprotestanti na TYCS kwa Wakatoliki. Kijana akiwa na wenzake hajioni yuko peke yake.

Tatu, tumpe kazi kanisani. Asome somo, aandike mahudhurio, afundishe wadogo wimbo. Mikutano ikiwa ya usiku, tuwasindikize watoto wetu, hasa wasichana.

Nne, tujiangalie wenyewe. Baba anasali Jumapili, Jumatatu anampiga mama. Mama anaimba kwaya, kisha anamsengenya jirani. Mtoto anaona yote, jamani!

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kijana si samaki. Ana kinywa, anauliza. Someni Injili ya Luka, sura ya 2. Yesu akiwa na miaka 12 alikuwa hekaluni, akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Wazazi wake walimtafuta kwa uchungu, hawakumwelewa, lakini walirudi naye nyumbani. Someni na barua ya pili kwa Timotheo, sura ya 1. Imani ya Timotheo ilikuwa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike. Ilianzia nyumbani.

Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Mtoto wako aliuliza swali gani ambalo hukuweza kulijibu? Ulifanya nini?
2. Kwa nini baba yule alikasirika?
3. Wiki hii utasoma nini pamoja na mtoto wako, na saa ngapi?