Kinywa cha Mtoto Mwenye Surua: Dalili za Awali na Hatari Zinazofuata

Surua huingia mwilini kwa njia ya hewa, lakini alama yake iliyo bayana kuliko zote hutokea ndani ya kinywa. Mtoto huanza kwa homa, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayochuruzika machozi, na kwa wakati huo hana tofauti na mtoto yeyote aliyeshikwa na mafua makali. Siku moja au mbili kabla vipele havijatoka, ndani ya mashavu, mkabala na magego, huonekana punje ndogo nyeupe zenye usamawati kidogo, kila moja ikiwa juu ya doa jekundu, mfano wa chembe za chumvi. Daktari wa watoto wa New York, Henry Koplik, alizieleza mwaka 1896, na hadi leo huitwa madoa ya Koplik.

Thamani ya madoa hayo iko katika wakati wake. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla ya vipele kutokea na huendelea hadi siku 4 baadaye. Virusi vinaweza kubaki hewani katika chumba kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokaa karibu naye, 9 huambukizwa. Mtoto anayesubiri zamu yake katika benchi la kliniki huku akikohoa, bila kipele hata kimoja, tayari ni chanzo cha maambukizi. Mhudumu aliyetazama kinywa chake ana nafasi ya kumtenga mapema. Aliyesubiri ngozi imwambie amechelewa.

Kuyatafuta madoa hayo hakuhitaji mashine. Mwanga wa mchana au tochi, kijiti cha kubania ulimi, na dakika moja ya kutazama kwa makini vinatosha. Kosa lililo rahisi kutokea ni kubana ulimi, kutazama koo kama kuna mafindofindo, kisha kumwachia mtoto afunge mdomo. Madoa ya Koplik hayatafutwi kooni. Lazima shavu livutwe pembeni kwa kijiti na upande wake wa ndani umulikwe, kulia na kushoto. Mabaki ya maziwa huweza kumdanganya mtazamaji, lakini hufutika. Utando mweupe wa fangasi nao huparuzika na kuacha wekundu, pengine na damu kidogo. Madoa ya Koplik hayafutiki.

Kwa mtoto wa Kiafrika uchunguzi huu una faida ya ziada. Picha nyingi za vitabu vya tiba ni za watoto weupe ambao upele wao huwaka wekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hufifia, na mara nyingine upele hutambulika kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Hata hivyo, kutoyaona madoa hakumwondolei mtoto shaka ya surua, kwa kuwa hutoweka siku moja au mbili baada ya vipele kutoka. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kipimo cha damu.

Surua si peke yake. Virusi vya njia ya hewa hukigusa kinywa kwa namna kadhaa. Vingine hushambulia tishu zake moja kwa moja: kirusi cha korona hupata vipokezi vyake katika seli za ulimi na tezi za mate, na wagonjwa wengi wa UVIKO-19 walilalamikia kinywa kikavu pamoja na kupotewa na ladha na harufu. Mafua hufanya kazi yake kwa njia isiyo ya moja kwa moja: pua ikiziba, mgonjwa hupumua kwa mdomo, mate hukauka, midomo hupasuka. Vile vidonda vya midomoni ambavyo watu husema ni homa imetoka, navyo ni kirusi kingine kabisa, cha hepesi, kilichokuwa kimejificha katika neva na kuamshwa na homa. Havithibitishi malaria, wala havitibiwi kwa dawa za malaria.

Lakini hakuna kati ya hivyo kinachokidhuru kinywa cha mtoto kama surua, na madhara makubwa huja baada ya vipele kuanza kufifia, wakati familia imeshapumua. Surua hudhoofisha kinga ya mwili kwa wiki, hata miezi, na humaliza akiba ya vitamini A. Vidonda vya kinywani humfanya mtoto akatae titi na uji, na njaa humwongezea udhaifu. Kwa vidonda vyepesi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni kusafisha kinywa kwa kitambaa laini kilicholowekwa maji ya chumvi, kupaka dawa ya zambarau ya GV (gentian violet) iliyopunguzwa hadi asilimia 0.25 mara mbili kwa siku, na kutuliza maumivu kwa parasetamoli. Vitamini A hutolewa dozi mbili, leo na kesho: uniti 50,000 kwa mtoto wa chini ya miezi 6, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa mwaka mmoja na zaidi. Vidonda vyenye kina au vilivyoenea ni surua kali. Mtoto huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mtoto mwenye utapiamlo aliyetoka katika surua anaweza kupata ugonjwa wa noma, jina lenye asili ya Kigiriki, wala si lile neno la mitaani. Huanza kwa ufizi unaovuja damu na mdomo kunuka. Shavu huvimba, na katika siku chache nyama huoza hadi mfupa. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, hauambukizi, na usipotibiwa huua hadi watoto 90 kati ya 100. Wanaopona hubaki na uso ulioharibika, na wengine hufichwa ndani. Desemba 2023, baada ya ombi lililoongozwa na Nigeria, WHO iliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua katika umri wa miezi 9 na miezi 18. Kwa mtoto aliyekwishaugua, mama aelekezwe kufunua midomo yake kila siku na kutazama ufizi. Noma ikikamatwa katika hatua ya ufizi, husimamishwa kwa antibayotiki za kawaida, usafi wa kinywa na lishe; shavu likishatoboka, hulirudisha upasuaji peke yake.