Moyo Usiolegea

Tukitaja moyo wengi wetu hufikiria kusukuma tu. Juma hili natazama nusu ya pili ya kazi yake, nayo ni kulegea. Moyo usiolegea haujai, na usiojaa hauna cha kusukuma.

Hapa kwetu Mvumi kila mwenye baiskeli anaujua mpira wa tyubu tunaofungia madumu ya maji. Ukiwa mzima huvutika na kurudi. Ukichomwa na jua miaka, hukakamaa. Ndani ya msuli wa moyo umo uzi wa namna hiyo, protini iitwayo titini, kubwa kuliko protini zote za binadamu. Insulini imeundwa kwa asidi za amino 51. Titini, zaidi ya 34,000! Mjapani Koscak Maruyama aliieleza miaka ya 1970 kwa jina la konektini.

Damu inapoingia moyoni, titini huvutika, tena huzuia msuli usitanuke kupita kiasi. Ipo fupi iliyo ngumu na ndefu iliyo laini, na ulaini wa moyo hufuata mchanganyiko wa hizo mbili. Lililonishangaza mimi ni hili: ukikimbiza mbuzi aliyeingia shambani, adrenalini huilainisha titini papo hapo, ili moyo ujae upesi kabla ya pigo linalofuata.

Shinikizo la damu likidumu miaka mingi, ukuta wa moyo hunenepa, titini huweza kukakamaa, na makovu huingia katikati ya msuli. Moyo huo ukipimwa huenda ukaonekana unasukuma vizuri, na huku mwenyewe akipanda kilima anatweta, kwa kuwa damu imekosa nafasi na kurundikana mapafuni. Mzee wa namna hiyo huambiwa ni umri. Sikubali. Katika utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa walikuwa 427 ambao mioyo yao ilishindwa kazi. Kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la damu.

Dawa ya kulainisha titini yenyewe bado haijafika hospitalini. Dawa za kushusha shinikizo zipo, na kulipima ni kazi ya dakika chache. Ukienda, mwambie daktari unatweta ukifanya nini, miguu inavimba saa ngapi, na usiku unalalia mito mingapi.