Dawa Anayo, Maelezo Hana



Mfikirie mama wa makamo aliyepanda matatu alfajiri kutoka Ikutha, Kitui, akapiga foleni hospitalini hadi saa saba mchana, kisha akaingia kwa daktari.  Anaambiwa ana kisukari. Anaandikiwa vidonge vya metformin, anaambiwa, "Punguza sukari, mama," kisha anaitwa mwingine.

Nyumbani anatii. Chai anainywa kavu, bila hata chembe ya sukari. Lakini sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ni ile ile, imejaa pomoni. Desemba ikifika, maembe yakianguka hadi yanakosa wa kuyaokota, anakula manne kabla jua halijawa kali, kwa sababu kwake embe si sukari, embe ni tunda. Miezi mitatu baadaye anarudi kliniki sukari ikiwa imepanda. Anaongezewa vidonge, na kukaripiwa juu yake. Mama wa watu hakukaidi. Alishika neno moja aliloambiwa, akalifuata vizuri.

Kuna kazi inayokosekana hapo katikati, na ndiyo ninayotaka tuizungumzie leo: kazi ya kumketisha mama huyu nusu saa na kumweleza, kwa Kikamba kama ndicho anachokielewa zaidi, kwamba mahindi nayo hugeuka sukari mwilini. Asiuache muthokoi. Apunguze mahindi, aongeze ndengu, kunde na mboga. Aonyeshwe jinsi ya kukagua nyayo zake kila jioni, kwa kuwa kisukari huua hisia za miguu, na mtu anayelima kwa ndara kwenye miiba ya migunga anaweza kushinda na mwiba unyayoni asiujue mpaka kidonda kimeoza. Ajue pia kwamba jasho la ghafla, kutetemeka na njaa isiyo ya kawaida huenda ni dalili za sukari kushuka mno, na hapo kijiko cha sukari ndicho kitakachomwokoa. Hili la mwisho huwachanganya wengi, na si ajabu.

Na kama anajidunga insulini, aiweke wapi katika nyumba ya mabati kule Tseikuru au Mutomo, nyumba isiyo na friji? Maagizo yanasema insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Asiye na friji akisikia hivyo anakata tamaa. Lakini jibu limetafutwa humu humu Kenya. Katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la makazi ya wakimbizi, likakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilo katika maabara, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba aina za insulini walizozipima zilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Hii haina maana kwamba chupa iachwe juani. Ina maana kwamba mgonjwa wa Mutomo anahitaji mtu aliyefunzwa, anayeijua nyumba yake na joto lake, wa kumshauri pale ambapo karatasi ya dawa inaishia.

Marekani kuna bodi inayowapa vyeti wataalamu wa kuelimisha wagonjwa wa kisukari tangu 1986. Kwetu kazi hiyo mara nyingi huangukia muuguzi mwenye moyo au mtaalamu wa lishe, siku ya kliniki, akiwa na kazi nyingine tano mkononi.

Upande wa kupima tumesogea. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 88 kati ya 100 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari. Septemba 2023 serikali ikazindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na katika mikoba yao mna kifaa cha kupimia sukari. Ni jambo zuri. Ila kumpima mtu mlangoni pake, ukamwambia ana kisukari kisha ukaenda nyumba ya pili, ni kumwachia hofu. Na mhamasishaji mwenyewe analipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Tusimtwike na ualimu wa kisukari kwa pesa hizo.

Walimu wenyewe, kwa maoni yangu, tayari tunao. Ukimwi ulitufundisha kwamba kumsindikiza mgonjwa maisha yake yote ni kazi ya kulipwa. Tukawa na washauri nasaha, na akina mama wenye virusi wanaowashika mkono akina mama wenzao, watu wanaojua kumuuliza mtu kwa nini ameacha dawa bila kumwaibisha. Sehemu kubwa ya mishahara hiyo ilitoka Marekani. Januari 2025 Marekani ikaufunga mfereji huo wa misaada, na wengi wakarudi nyumbani. Ujuzi wao haukufungwa. Ongeza vijana waliosomea lishe na uuguzi katika vyuo vya tiba vya KMTC, vilivyoko hata hapa Kitui na Makindu, vijana ambao diploma zao zimekaa kabatini zikingoja tangazo la ajira. Hao wafunzwe miezi michache, wapewe cheo kinachoandikwa kwenye hati ya mshahara, wapelekwe Wote, Mwingi, Makindu na Mutomo. Wawakusanye wagonjwa katika vikundi, kwa mtindo wa mwethya, yaani kazi ya pamoja, ule ule uliochimba matuta ya mashamba Ukambani.

Pesa? Kipindi kimoja cha kusafisha damu kwa mashine, figo zikishaharibika, bima ya afya ya serikali, SHA, hukilipia shilingi 10,650. Mgonjwa huhitaji angalau vipindi viwili kwa wiki, yaani zaidi ya shilingi 85,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na kisukari ni mojawapo ya visababishi vikubwa vya figo kufa. Sidai kwamba mwelimishaji ataziokoa figo zote. Namwomba karani wa hazina ya kaunti aweke mshahara wa mwenye diploma kando ya bili hiyo, aone.

Makueni haijawahi kuogopa kujaribu. Mwaka 2016 ilianzisha MakueniCare, familia nzima ikatibiwa katika hospitali za kaunti kwa shilingi 500 kwa mwaka. Kitui nayo inawahitaji waelimishaji hawa zaidi: ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 30,000, na mgonjwa akipotea kliniki huko hapatikani kwa simu moja.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wengi wetu huenda kwenye kikao hicho cha maoni tukidai barabara na bwawa. Safari hii, ukipewa kipaza sauti, muulize waziri wa afya wa kaunti yako: katika orodha ya wafanyakazi utakaowaajiri mwaka huu, mwelimishaji wa kisukari yuko ukurasa gani?